Mzaramo Aliyekuja Kuomba Sanda

Mwezi uliopita tulikutana tena, sisi tuliosoma Bulgaria, katika ukumbi wa hoteli moja pale mjini. Viti vilivyokodiwa vilikuwa vingi kuliko sisi, na kila aliyeingia alianza kwa kuuliza nani mwingine katangulia mbele ya haki. Mshereheshaji akataka kila mtu asimame aeleze mwaka wake wa kwanza baada ya kurudi nyumbani. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikawaeleza. Nikasema nilirudi na diploma ya ufundi wa majokofu na masanduku mawili, nikakuta shirika la umma lililonipeleka masomoni linauzwa na wafanyakazi wake wanapewa barua za kupunguzwa kazi. Nikasema sikulia wala sikwenda kumpigia mtu magoti. Nilipanga chumba Kiwalani, nikatundika kibao barazani, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nafufua chumba cha baridi cha hoteli ya kitalii kwa mikono yangu hii. Wakapiga makofi. Nilistahili makofi hayo na sioni haya kusema hivyo, kwani wapo tuliorudi nao ndege moja ambao hadi leo wanasubiri serikali iwaite. Lakini nilipoketi niligundua kwamba nimeuruka mwezi mzima wa mwaka ule, na ndani ya mwezi ule siku mbili hasa, na tangu usiku huo siku hizo hazijaniacha. Ndizo ninazoziandika hapa. Ya wazazi wangu, ya Tabora na ya shule sitayagusa.

Chumba chenyewe kilikuwa cha tatu kushoto ukiingia kwenye nyumba ya Bi Tatu, mjane wa Kindengereko kutoka Rufiji, mwenye sauti nene na ushungi usiodondoka hata akipepeta mchele. Nyumba ilikuwa kama nyumba zote za Kiwalani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Ndege zilipita juu ya bati kwenda kutua, na kila ilipopita moja mazungumzo yalisimama, ikishapita yakaendelea palepale yalipokatikia. Nilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, meza, kiti kimoja, na ukutani diploma yangu ndani ya fremu yenye kioo, maandishi yake ya Kibulgaria ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma ila mimi. Kiti cha pili sikununua. Nilijiambia nitakinunua akija mgeni. Mbele, barazani, ndipo palipokuwa karakana yangu. Ilikuwa enzi za ruksa, maduka yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma vilikuwa vya kusimuliwa tu, na friji zilizotumika zilikuwa zikishuka bandarini kutoka Dubai kama embe za msimu. Zilifika zimepigwa na mawimbi, gesi imevuja, kompresa imekwama, na mafundi wa mtaani walizijaza gesi bila kutafuta tundu, wiki mbili zimekufa tena. Mimi nilitafuta tundu. Kibao changu kiliandikwa kwa rangi nyekundu: FUNDI MAGANGA, MAJOKOFU, DIPLOMA YA ULAYA. Nilikipaka mwenyewe, kwa rula.

Kwa hiyo kazi haikunipiga chenga. Kilichonishinda mwaka ule kilikuwa jioni. Kule Bulgaria nilizoea upweke wa mgeni, ambao una sababu. Unatembea kwenye theluji, watu wanakutazama, unajua kwa nini huna wa kukugongea mlango. Kiwalani sikuwa na sababu. Nilisema lugha yao, nilikula chakula chao, lakini niliporudi nilikuwa nimeshazoea kula mezani, na sahani yangu niliichukua uani nikaenda nayo chumbani. Bi Tatu alinikaribisha mara mbili tatu kwenye mkeka, na mara zote nikasema, "Ahsante mama, nina kazi kidogo." Mara ya nne hakunikaribisha. Nyumba haikuwa na dari, kuta ziliishia chini ya kenchi, hivyo maneno yalipanda upande mmoja yakashuka upande wa pili. Nilikula wali na maharage yangu kwa kijiko huku nikisikia kijiko hicho kikigonga sahani, na kutoka uani nikiwasikia wao: wanawake wakicheka habari za harusi ya mtaa wa pili, na Saidi, kuli wa bandarini aliyepanga chumba kinachopakana na changu, akisema, "Mbulgaria wenu kashafunga mlango. Mwacheni, anaongea na cheti chake." Wakacheka. Haikuwa chuki, najua sasa. Kama ningetoka nikamjibu neno moja tu la kumrudishia, labda mwaka ungekuwa mwingine. Sikutoka. Nilisubiri ndege ipite juu ya bati ndipo nikohoe, wasijue kwamba niko macho na nasikiliza.

Jambo jingine lazima nilieleze, kwa sababu bila hilo nitaonekana mtu mbaya zaidi ya nilivyokuwa. Wiki yangu ya kwanza kurudi, pale Kariakoo, kijana mmoja mwenye bandeji kichwani alinisimamisha akaniambia ametoka hospitali, kwao Morogoro, hana nauli. Nikampa nauli, na kwa kuwa alikuwa akitetemeka nikampa na koti langu zuri la baridi, nililolinunua kwa jasho la kiwanda cha makopo wakati wa likizo. Siku nne baadaye nikaliona koti lile limetundikwa kwenye kamba ya mitumba, na kijana amekaa pembeni, hana bandeji, anakula muwa. Alinitambua. Akaniambia, "Braza, nikufanyie bei?" Tangu siku hiyo nikajiwekea sheria: anayeanza kwa kusema "nina shida" simsikilizi mpaka mwisho.

Mtu wa habari hii alikuja alasiri moja, jua bado kali. Nilikuwa nimeilaza friji kubwa ya mwenye baa wa Temeke, natafuta tundu kwa povu la sabuni. Alisimama akikisoma kibao kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, kofia ya vito, shati lililopigwa pasi, na kandambili zilizojaa vumbi mpaka vidole havionekani. Nikamwamkia shikamoo, nilikuwa bado nina adabu hiyo.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi mwenyewe?"

"Ndiye."

"Fundi, nina shida."

Mkono wangu ukaendelea kupaka povu. "Enhe."

"Nimefiwa na binti yangu. Zuhura. Asubuhi ya leo, hospitali. Sina sanda, na sina gari la kumfikisha nyumbani. Nimepita kwa jamaa yangu hapa nyuma nimemkosa, kahama. Nimeona umeandika Ulaya, nikasema, labda huyu Mungu kamjaalia."

Aliyasema taratibu, bila kulia, na hilo lilinitia shaka. Kijana wa Kariakoo naye hakulia. Nikamuuliza hospitali gani, akaitaja. Nikamuuliza wodi, akaitaja. Nikamuuliza aliumwa nini, akasema homa, ikapanda kichwani, siku tatu. Kila jibu lilikuwa sawa, na kadiri yalivyokuwa sawa ndivyo nilivyobanwa zaidi, maana ilinibidi sasa niamue. Nikimpa nitaonekana mjinga, nikimnyima nitaonekana mkatili. Saidi alikuwa amekaa ngazini akisugua miguu kwa jiwe, mama anayekaanga mihogo pembeni ya baraza alikuwa ameacha kugeuza, wote wananitazama mimi msomi nitafanyaje. Nikauliza swali la mwisho, la kupoteza muda tu:

"Kwani nyumbani wapi?"

"Chanika. Mie Mzaramo wa Chanika."

Hapo ndipo nilipopata pa kujificha. Mimi Mnyamwezi, na kila mtu anajua kilichopo kati yetu na Wazaramo. Babu zetu walishuka na misafara mpaka kwao, wakagombana na kupatana mpaka wakawa watani, na mtani haombi radhi kwa analolisema wala hakasiriki kwa analoambiwa. Tangu nirudi nilikuwa sijamtania mtu. Nikaachia tambara la sabuni, nikasimama, nikapaza sauti:

"Mzaramo! Ndiyo maana! Ungesema tangu mwanzo kama ni mtani, nisingepoteza povu langu! Mzaramo akose hela ya sanda? Shamba la babu mmeuza juzi, hela mmechezea ngoma!"

Saidi akaangua kicheko. Yule mtu alinitazama. Naikumbuka sura yake kwa wakati ule, ilivyokaa bila kitu, kama mtu aliyeitwa kwa jina akiwa usingizini. Kisha, taratibu, akatabasamu, kwa sababu ndivyo inavyopasa.

"Ah, kumbe Mnyamwezi," akasema. "Kibao kinasema Ulaya, nikadhani mtu. Babu yako alifika kwetu na pembe ya ndovu kichwani, tukampa nazi, akaila na makumbi yake!"

"Bora aliyekula makumbi kuliko nyie mnaongoja dafu lianguke lenyewe!"

"Tunangoja liangukie kichwa cha Mnyamwezi, lipasuke bure!"

Watu wakaongezeka. Mama wa mihogo alijishika kiuno. Mimi nilikuwa nacheka, nacheka kweli, machozi yananitoka, kifua kimefunguka kama dirisha lililokwama mvua nzima. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia Mzaramo akifa azikwe na manyanga yake ya ngoma. Nilimwambia sanda ya nini, mfungeni kwenye gunia la mkaa, si ndiyo biashara yenu. Naye alijibu kila neno, hakuacha hata moja, na kila alipojibu watu walipiga kelele. Katikati ya kelele hizo alisema tena, kwa sauti ya chini kidogo, "Basi mtani, nipe hata kidogo."

"Mtani hapewi!" nikasema. "Mtani ananyang'anya mwenyewe!" Nikachukua kipande cha muhogo kwenye sinia la yule mama, nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakifunga kwenye karatasi, akakitia mfuko wa shati, akasema, "Ahsante, mtani," akashuka ngazi. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Nikarudi kwenye friji yangu nikiwa mwepesi, na tundu nikaliona papo hapo. Nilijiona nimefanya jambo la busara: sikumnyima mtu, sikutapeliwa, na nimecheka.

Jioni ile sikuingia na sahani chumbani upesi. Nilisimama mlangoni kwangu, nusu nikitumaini wataniita. Saidi alikuwa anawasimulia uani, akiigiza sauti zote mbili. Wakacheka, kisha nikasikia sauti ya Bi Tatu.

"Alitaka nini hasa, huyo Mzaramo?"

"Sanda, eti. Kafiwa na mtoto."

Vicheko vikakatika. Hakukuwa na ndege iliyopita.

"Maganga!" akaita. "Hebu njoo, baba."

Nikaenda. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya nazi, mikono ikiwa myeupe kwa tui. Hakunitazama usoni.

"Nani alianza kutania? Yeye au wewe?"

"Mimi, mama. Lakini alijibu. Alikuwa anacheka. Mtu aliyefiwa angewezaje..."

"Angefanyaje? Umemtania mbele ya watu. Asijibu, aonekane hana adabu?" Akakuna nazi mara mbili, akaacha. "Mfiwa hatanii, mwanangu. Hata siku moja. Mtani anakwenda kwenye msiba wa mwenzake, anamchekesha aliyefiwa, sawa, lakini akishamchekesha anavua shati anachimba kaburi. Anachota maji. Anakata sanda. Kazi hiyo ni yake, hawezi kuikwepa. Wewe umechukua kile kicheko tu."

"Bi Tatu, huenda alikuwa tapeli," Saidi akanitetea. Namshukuru mpaka leo.

"Tapeli ungempa hela, ungepoteza hela," Bi Tatu akasema. "Sasa kama si tapeli?"

Nilirudi chumbani, na mara hii niliposikia wananong'ona sikutaka kusikia.

Nilifika Chanika asubuhi iliyofuata, juu ya pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua mihogo. Nilivaa viatu vyangu vya ngozi vya Bulgaria, sijui kwa nini. Labda sikuwa na namna nyingine ya kwenda mbele ya watu. Mfukoni nilikuwa na bahasha yenye akiba ya mwezi mzima. Njia nzima nilikuwa natamani nisikute msiba. Nawaambia ukweli: nilitamani mtu yule awe mwongo, nirudi zangu nikiwa nimetapeliwa kicheko tu. Chanika ya wakati ule ilikuwa mikorosho na nyumba za udongo zilizoachana mbali, na nilimuuliza mwanamke mwenye ndoo kama anajua mtu aliyefiwa na binti. "Kwa Kondo, muuza mkaa," akasema, akanyoosha kidole bila kutua ndoo. Nikawa nimelijua jina lake kwa njia hiyo.

Walikuwa wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba, wanaume huku, wanawake kule ndani wakisoma. Kondo aliniona kabla sijajua niseme nini. Alisimama, shati ni lile lile la jana, akatembea mpaka kwangu. Nilinyoosha bahasha. Hakuitazama. Aligeuka kwa wenzake, akapaza sauti, nayo haikuwa ya kicheko wala ya kilio:

"Jamani, mtani wangu kaja. Mnyamwezi."

Nikasikia watu wakipumua, kama mzigo umepokelewa. Bibi mmoja kutoka mlangoni akasema, "Kachelewa! Kasikia pilau, ndiyo maana kafika!" na wengine wakaguna, wakatabasamu kidogo. Ilikuwa zamu yangu. Kila mtu alinisubiri niseme neno, hata moja la kijinga, na ulimi wangu, ambao jana ulikuwa mwepesi hivyo, ukawa gogo. Kondo akaniangalia, akaelewa, akasema polepole, "Weka hiyo bahasha. Jembe lile pale."

Nikavua shati na viatu, nikaenda na wanaume wanne nyuma ya mikorosho. Nilikuwa sijashika jembe tangu darasa la saba. Mchanga wa juu ni rahisi, chini kuna udongo mwekundu unaoshika chepeo usiachie, na mwanandani, pale anapolazwa maiti, unauchonga ukiwa umepiga magoti ndani ya shimo, upande mmoja, kwa mkono. Ulikuwa mfupi. Sikuhitaji kuambiwa niupime. Mzee mmoja alikuwa na kijiti alichokikata kwa kimo cha mtoto, na alipokilaza pale chini nikaona jinsi kilivyokuwa kidogo, nikainama nikaendelea kuchonga ili wasinione. Hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi. Mmoja aliniambia, "Mtani, unachimba kama unatafuta spea," nikacheka, na kicheko hicho hakikuwa kama cha jana.

Mimi si Mwislamu. Walipomsalia nilisimama pembeni na mikono yenye malengelenge. Alikuwa ndani ya sanda nyeupe, nyepesi. Baadaye niliambiwa waumini wa msikiti ulio jirani na hospitali ndio waliochanga, na lori la mchanga lililokuwa likirudi tupu ndilo lililomleta, babake amekaa naye nyuma, amemshika asiteleze. Tuliporudi kutoka makaburini viatu vyangu havikuwepo. Yule bibi wa mlangoni alikuwa amevikalia. "Viatu vya Ulaya vimezama!" akasema. "Mnyamwezi akivitaka atoe fidia!" Na kwa namna hiyo bahasha yangu ikapata njia. Niliitoa, bibi akaipokea, akaipeleka ndani kwenye rambirambi, akanirudishia viatu na kunipiga navyo begani. Mzigo ambao nisingeweza kumkabidhi Kondo kwa mkono wangu ulichukuliwa kwa mchezo, na kila mtu aliona ni sawa.

Tulikula watu sita kwenye sinia moja, wali na maharage. Chakula kilekile cha chumbani kwangu. Sitaeleza zaidi.

Kondo alinisindikiza mpaka barabarani. Nilianza kusema niliyoyapanga tangu alfajiri, kwamba jana sikuamini, kwamba kuna kijana wa Kariakoo, kwamba nina sheria zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Jana ulinichosha, mtani," akasema. "Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na mwanangu yuko kule, juu ya meza." Akageukia barabara. "Arobaini uje. Wewe ndiye uliyechimba, ndiye utakayenitoa msibani. Sina mtani mwingine."

"Nitakuja," nikasema.

"Usije na kitu. Uje wewe."

Nikamwambia tena, nitakuja, na nilikuwa namaanisha. Siku zilizofuata nilihesabu. Nilikaa kwenye mkeka wa Bi Tatu jioni mbili, tatu, nikawasimulia habari za yule bibi na viatu, na Saidi akacheka mpaka akapaliwa. Nilinunua kiti cha pili. Kisha akaja meneja wa hoteli, Mhindi mmoja mpole, akasimama mbele ya kibao changu kama alivyosimama Kondo, akanieleza kwamba chumba chake cha baridi kimekufa, na wageni wanakuja, na mafundi watatu wameshindwa. Nilikwenda, nikaona kosa ndani ya saa moja. Ilikuwa kazi ya wiki mbili, na ndiyo iliyonifanya niwe nilivyo. Kila kilichofuata, karakana ya Temeke, magari, nyumba, kilitoka kwenye mlango ule. Siku ya kuwasha mitambo ilipangwa, na ilikuwa siku ileile ya arobaini. Ningeweza kumwambia meneja angoje hadi kesho yake. Alikuwa mtu wa kuambilika. Nilijua hivyo wakati ule na najua sasa. Lakini niliona aibu kumwambia Mhindi yule kwamba fundi wa diploma anaahirisha mitambo kwa sababu ya utani na muuza mkaa wa Chanika.

Nikatia noti kwenye bahasha, nyingi kuliko za kwanza, nikamwomba Saidi aipeleke, maana hakuwa na zamu bandarini. Mitambo iliwaka asubuhi. Niliusikia mvumo wake, nikaweka kiganja kwenye bomba, likaanza kuganda, na meneja akanipa mkono mbele ya wafanyakazi wake wote. Saidi alinikuta barazani jioni, nimeketi. Alipanda ngazi, akaweka bahasha juu ya kompresa iliyokuwa mbele yangu. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Kakataa?"

"Hajaishika, braza. Nilimwambia imetoka kwako, akaangalia nyuma yangu, akaangalia barabara. Walikuwa wamekungoja wewe. Dua wameisoma alasiri badala ya saa nne."

"Akasemaje?"

"Kaniuliza kama u mzima. Nikamwambia mzima, ana kazi nyingi. Akasema, alhamdulillahi, akarudi ndani."